Mchota Maji wa Nyumba ya Manabe

Kinue Manabe alikuwa na miguu mipana kuliko mwanamke yeyote wa kijiji chetu, na hakuzaliwa nayo. Aliolewa mwaka 1958, ana miaka ishirini, katika nyumba iliyotengeneza udon, zile tambi nene za ngano ambazo huku Sanuki tunazila asubuhi, tunazila mchana, na tukifiwa tunazila pia. Kazi ya kwanza aliyopewa na mama mkwe wake, Bi Ishi, ilikuwa kukanyaga donge. Unga ukishakandwa kwa maji ya chumvi hufunikwa kwa mkeka, kisha mtu hupanda juu bila viatu, akazunguka polepole akiukandamiza kwa visigino mpaka ugome kubonyea. Hapo hukunjwa, ukafunikwa, ukakanyagwa tena.

"Usikanyage kama mtu anayetafuta njia," Bi Ishi alimwambia siku ile ya kwanza. "Kanyaga kama mtu aliyekwisha kufika."

Nyumba ya Manabe haikuwa na kibao mlangoni wala viti ndani. Ilikuwa karakana ya mbao kandokando ya mashamba ya mpunga, chini ya lambo la kijiji. Watu walikuja na mabakuli yao kutoka nyumbani. Mtu alitaja idadi ya mafundo ya tambi anayotaka, moja au mawili, akapewa, akayachovya mwenyewe kwenye maji ya moto. Akitaka vitunguu vya majani alizunguka nyuma ya nyumba akavikata bustanini kwa mkasi uliofungwa kamba. Kisha alimimina sosi ya soya, au mchuzi wa dagaa uliokuwa ukichemka tangu alfajiri, akaenda kula amechuchumaa kwenye tuta la lambo. Mgeni aliyeulizia kiti aliambiwa viti viko kwao.

Ndani ya karakana kazi ziligawanywa tangu enzi za mababu. Wanawake walikanyaga, walichemsha, waliosha. Chumvi na kisu vilikuwa vya wanaume. Mwenye chumvi na kisu alikuwa Tsuneichi, mume wa Kinue, mtoto pekee wa Bi Ishi, kijana mrefu mwenye masikio yaliyosimama kama mishikio ya chungu. Alikuwa fundi kwelikweli. Kabla ya kula tambi yoyote, hata alizokata yeye mwenyewe, aliibonyeza kwanza kwa kidole gumba kuona kama inarudi. Alikuwa mpole, hapigi, halewi. Kinue hakuwa na la kumlaumu, na watu walipomuuliza baadaye kama aliona dalili yoyote, alisema hapana, na ulikuwa ukweli.

Majira ya kuchipua ya mwaka 1965 Tsuneichi alivuka bahari kwenda Osaka kutazama mashine ya kukatia tambi. Alisema atakaa siku tatu. Baada ya wiki mbili ikaja barua yenye mistari miwili: nimepata kazi huku, msinisubiri. Mwanzoni watu walisema ni mashine, baadaye wakasema ni mwanamke, mwenye duka la tambi karibu na stesheni. Vyote viwili vilikuwa kweli. Binti yao, Fumiyo, alikuwa na miaka sita.

Bi Ishi aliisoma barua ile mara moja, akaiweka chini ya jiwe la kusagia. Halafu alimwita mkwewe.

"Kinue, wewe bado kijana. Ukitaka kurudi kwenu, sitakushika. Unga uliobaki nitaumaliza mwenyewe."

"Nani atakata?"

"Kisu kinajua njia."

"Na chumvi, Mama?"

Bi Ishi alimtazama kama mtu anayepima kama mwenzake ataweza kubeba siri. "Baba yake Tsuneichi alikuwa mlevi," alisema. "Unafikiri miaka ishirini yote ile nani alikuwa anachanganya chumvi? Kiangazi kikombe kimoja kwa vitatu vya maji. Baridi ikiingia, kimoja kwa sita. Katikati ya hapo unatazama mbingu na unagusa unga. Macho ninayo. Mikono ndiyo sina."

Basi Kinue akabaki. Hakubaki kwa mapenzi wala kwa uchungu. Alibaki kwa kuwa kesho yake kulikuwa na oda ya matanga, mafundo mia moja na arobaini, na wafiwa hawangoji.

Mwaka wa kwanza ulikuwa mbaya. Alikata nene na nyembamba katika fungu moja, hivyo nyembamba zikaiva nene zikiwa mbichi. Mzee Ogura, mlinzi wa maji ya lambo, mtu wa ulimi mkali ambaye hakukosa hata asubuhi moja, alisimama tutani na bakuli lake akasema kwa sauti ya kumfikia kila mtu, "Mama Fumiyo, tambi zako zinakatika kama ahadi za mkwe wangu."

"Za leo utalipa nusu," Kinue alijibu kutoka ndani.

"Mimi sikusema hazilipiwi. Nasema zinakatika."

Baadhi ya wateja walihamia nyumba nyingine. Wengine walibaki kwa huruma, na huruma ndiyo Kinue aliichukia zaidi. Kila siku, kazi ikiisha, alikata karatasi za magazeti ya zamani kwa kisu kile kikubwa, ukanda baada ya ukanda, Bi Ishi ameketi pembeni akimwambia, "Pana. Pana. Hiyo sawa. Pana." Hata jiko la maji ya kuogea walilikoka kwa kanda zile. Ilipofika sikukuu ya kumaliza kupanda mpunga ya mwaka uliofuata, ambapo kila nyumba huku lazima ile udon kabla ya kupumzisha mgongo, Mzee Ogura alikula mafundo matatu bila kusema neno. Kijijini hilo lilihesabiwa kuwa cheti.

Karani wa ofisi ya kijiji alimwambia Kinue kwamba mume akipotea miaka mitatu, mke anaweza kumfuta kwenye daftari la ukoo. Kinue akasema atakuja akipata nafasi. Hakuipata. Alikuwa akiamka saa tisa za usiku, akimaliza saa nane mchana, na jioni alikuwa na mtoto na mama mkwe. Jina la Tsuneichi likabaki pale daftarini kama koti la mtu lililosahauliwa msumarini.

Miaka ishirini na tisa ikapita hivyo. Fumiyo akasoma uuguzi, akapata kazi mjini Takamatsu, akawa mtu wa kuja nyumbani mara moja kwa mwezi na kulalamika juu ya magoti ya mama yake. Bi Ishi akazeeka mpaka akalala moja kwa moja chumba cha nyuma, akili timamu, masikio yake mazuri kuliko ya paka.

Kikaja kiangazi cha mwaka 1994. Mvua za mwezi wa sita hazikunyesha. Lile bwawa kuu lililo ng'ambo ya milima likakauka mpaka ikaonekana ofisi ya zamani ya kijiji kilichozamishwa, paa lake na madirisha yake, watu wakaenda kuipiga picha. Takamatsu mabomba yalifunguliwa kwa muda wa saa tano tu kila siku. Kwetu, Mzee Ogura, ambaye sasa alikuwa na miaka themanini na mbili, alitoa kabatini desturi ambayo vijana waliijua kwa kusikia tu: aliwasha kijiti cha udi kwenye mfereji, na kila shamba likapata maji ya lambo kwa muda wa kijiti kuungua. Kikizimika, lango linafungwa, hata kama mpunga wako unalia.

Udon bila maji si udon. Maji ya kukandia, maji ya kuchemshia, na zaidi ya yote maji ya kuoshea, kwani tambi ikitoka motoni lazima isuguliwe kwenye maji baridi mpaka utelezi uishe na mwili ukaze. Kisima cha nyumba ya Manabe kilishuka, kikaanza kutoa tope. Kinue akapunguza kazi nusu. Maji akawa anayafuata kisima cha hekalu, hatua mia tatu kupanda na mia tatu kushuka, ndoo mbili kwenye mzegazega, akiwa na miaka hamsini na sita na magoti yale.

Asubuhi moja mwanzoni mwa mwezi wa nane, foleni ikiwa fupi kwa sababu ya joto, alifika mwanamume mzee asiye na bakuli. Alivaa kofia ya kitambaa iliyopauka na kubeba begi dogo la safari. Kinue alimpa bakuli la nyumba.

"Mangapi?"

"Mawili. Baridi hivyohivyo."

Alimpa. Yule mtu hakwenda tutani. Alisimama kando ya mlango, akachukua uzi mmoja wa tambi, akaubonyeza kwa kidole gumba, akangoja.

Kinue aliona kidole kile kabla ya kuona uso. Baadaye alisema kwamba hakushtuka. Kilichomjia, alisema, ni kwamba leo tambi zimelala kidogo kwa ajili ya uhaba wa maji, na kwamba bahati mbaya amezikuta siku kama hii.

Tsuneichi alikula mpaka mwisho. Akafuta bakuli kwa kipande cha karatasi, kama kila mtu alivyokuwa akifanya kiangazi kile, akalirudisha mezani. Akatazama birika la saruji la kuoshea.

"Sufuria moja unaosha kwa ndoo ngapi?"

"Nne."

"Ukianza na maji ya sufuria iliyotangulia, halafu ukamalizia na masafi, tatu zinatosha."

"Yanakuwa na utelezi."

"Ya kwanza tu. Ya pili yanautoa."

"Anayefuata," Kinue akasema, na mwanamke aliyekuwa nyuma akasogea na bakuli lake.

Alipokwisha kuondoka Kinue alijaribu kwa ndoo tatu. Zilitosha.

Kesho yake alipofungua mlango, alikuta mtungi wa nje umejaa mpaka mdomoni na mzegazega umeegemezwa ukutani, umelowa. Mtu mwenyewe alikuwa akishuka njia ya hekalu na ndoo nyingine mbili, amekunja suruali magotini. Hawakusalimiana. Alimwaga, akapanda tena. Siku hiyo alipanda mara kumi na moja. Alikuwa akilala kwenye kibanda cha mahujaji chini ya hekalu, mahali ambapo mtu yeyote anayezunguka mahekalu ya kisiwa chetu kwa miguu hupewa mkeka bure na hakuna anayemuuliza ameacha nini nyuma.

Siku ya tatu Bi Ishi aliita kutoka chumba cha nyuma.

"Kinue. Nani anachota maji?"

"Mteja, Mama."

"Mteja gani huyo anafanya kazi?"

Kinue akaendelea kukunja donge. Alikuwa na unga mikononi.

"Mguu wa kushoto anauburuta kidogo," Bi Ishi akasema. "Tangu alipoanguka kwenye mti wa persimoni, ana miaka tisa."

Sufuria ilikuwa ikinguruma.

"Mpe chai," kikongwe akasema mwishowe. "Usimpe kitanda."

Hayo ndiyo yakawa masharti, na hapakuandikwa karatasi. Kinue aliweka kikombe cha chai kizingitini. Tsuneichi akanywa amesimama, akakirudisha kizingitini. Kijiji kizima kilijua kabla ya jua la adhuhuri, na foleni ya kesho yake ikawa ndefu kuliko iliyopata kuonekana mwaka ule, ingawa joto lilikuwa lilelile. Watu walikuja kuona ugomvi. Waliona mzee anabeba maji.

Mzee Ogura peke yake ndiye aliyethubutu. "Tsuneichi," alisema, "huko Osaka ulikuwa unakula nini miaka yote hiyo?"

"Tambi laini."

"Laini vipi?"

"Kama za mgonjwa."

"Hiyo adhabu inatosha," Ogura akasema, akageukia bakuli lake.

Kwa vipandevipande, kati ya ndoo na ndoo, Kinue alikuja kujua mengine. Yule mwanamke wa Osaka alikuwa amekufa kwa ini miaka miwili iliyopita. Duka lilikuwa la ndugu zake, wakaliuza, likajengwa maegesho ya magari. Hawakupata mtoto. Hakuomba msamaha, na Kinue hakumwomba aombe. Mara moja tu, akiweka ndoo chini, alisema, "Nilipanga nije nile mara moja niondoke."

"Basi mbona hukuondoka?"

Alifikiri. "Nilikuona unapanda kile kilima."

Kinue hakulipenda jibu lile. Lilimwekea jambo ambalo hakuliomba. Akamwambia achote ndoo mbili zaidi kwa ajili ya mboga.

Katikati ya mwezi ule, siku za kuwakaribisha wafu, Fumiyo alikuja kutoka Takamatsu na matunda ya kuweka mbele ya picha za mababu. Alikuwa na miaka thelathini na tano. Alimkuta mtu ameketi kwenye gunia nyuma ya karakana akitoa vichwa na matumbo ya dagaa kwa ajili ya mchuzi, vidole vinakwenda haraka. Masikio yale alikuwa akiyaona kila siku kwenye kioo. Alimpita, akaingia ndani, akafunga mlango.

"Mama, yule ni nani?"

"Unamjua."

"Nataka useme wewe."

"Anachota maji."

"Tangu lini?"

"Tangu tarehe tatu."

Fumiyo aliweka matunda chini, moja moja, ili asiyatupe. "Nilipokuwa darasa la pili," alisema, "watoto walikuwa wananiuliza baba yuko wapi. Nilikuwa nawaambia ameenda kununua mashine. Mpaka darasa la sita, Mama. Mpaka la sita nilikuwa nasema ameenda kununua mashine."

"Najua."

"Hujui. Hukuwahi kuniuliza." Sauti yake haikupanda. Wauguzi hujifunza hivyo. "Maji yakimwagika hayazoleki."

"Kiangazi hiki," Kinue akasema, "watu wanazoa hata ya kunawia miguu."

Alisema bila kukusudia mzaha, lakini lilitoka kama mzaha, na Fumiyo alilichukua hivyo. Akafukiza ubani kwa mababu, akaongea na bibi yake nusu saa, akarudi mjini kwa basi la saa tisa. Hakuja mwezi uliofuata. Hakuja mwaka mpya. Alipiga simu kila Jumapili kuuliza hali ya bibi, na bibi alipokwisha kuzungumza, alikata.

Hilo lilimuuma Kinue kuliko barua ya mistari miwili. Usiku alilala akipiga hesabu: upande huu binti, upande ule ndoo za maji. Hesabu ilikuwa rahisi, na kila asubuhi aliamka akiwa ameamua kumwambia yule mtu aende. Kisha alikuta mtungi umejaa, na wateja mlangoni, na neno likaahirishwa mpaka mchana, na mchana alikuwa amechoka.

Tufani ya mwezi wa tisa ilileta mvua ya siku mbili. Malambo yakapata rangi. Kisima cha nyumba kikarudi kutoa maji masafi, na mzegazega haukuwa na kazi tena. Asubuhi ya tatu Tsuneichi alifika na begi lake, akasimama nje.

"Maji yamerudi," alisema.

"Yamerudi."

Ilikuwa nafasi yake Kinue kusema. Miaka mingi baadaye alikiri kwamba alifungua mdomo kwa ajili ya hilo hasa. Lakini usiku ule goti la kulia lilikuwa limevimba, na donge la asubuhi lilikuwa bado chini ya mkeka halijakanyagwa.

"Unaweza kukanyaga?" akauliza.

Tsuneichi akahamia ghala la unga, kwenye kitanda cha mbao alichojitengenezea. Masharti ya Bi Ishi hayakuguswa. Ghala halikuwa nyumba. Alikanyaga, alichemsha, aliosha. Kazi za wanawake, kijiji kilisema, na wengine walicheka, lakini yeye hakuonekana kusikia. Chumvi na kisu vilibaki kwa Kinue. Siku moja tu, Kinue ana homa, Tsuneichi alinyoosha mkono kuelekea kisu.

"Kiache," Kinue akasema kutoka kwenye gunia alipokaa. "Leo tutauza nusu."

Akakiacha. Wakauza nusu.

Bi Ishi na mwanawe waliishi hatua ishirini mbali kwa mwaka mmoja na nusu bila kuonana uso kwa uso. Kikongwe alitaka donge likanyagwe karibu na ukuta wake, apate kusikia. Akisema lolote, alisema kwa ukuta: "Wewe mchota maji, kisigino. Unatumia vidole." Na kutoka ng'ambo ya ukuta mlio ulibadilika.

Mwezi wa pili wa 1996, baridi ikiwa kali, kikongwe aliacha kula. Siku ya nne akasema anataka udon, iliyokatwa vipande vifupi, na mchuzi mwingi. Kinue alikuwa na mikono kwenye sufuria. Akampa Tsuneichi bakuli bila kuwaza, au pengine aliwaza. Tsuneichi akavua viatu, akaingia chumba cha nyuma kwa mara ya kwanza tangu 1965. Alikaa huko muda wa vijiko kama kumi hivi. Aliporudi, bakuli lilikuwa limepungua robo.

"Amesemaje?"

"Chumvi imezidi."

Kinue alionja kipande cha tambi zile kwa ulimi. Chumvi ilikuwa kimoja kwa sita, sawasawa. Bi Ishi alikufa siku mbili baadaye, alfajiri, wakati sufuria inawashwa.

Mazishi yakaleta swali ambalo nyumba ilikuwa imelikwepa. Mtoto wa kiume ndiye huketi mbele, ndiye hushika kibao chenye jina la marehemu. Kuhani wa hekalu, kijana aliyerithi kazi kwa baba yake, aliuliza kwa adabu nani atakayekaa pale. Jamaa wakatazama sakafu. Fumiyo, aliyefika usiku uliotangulia kwa nguo nyeusi, alimtazama mama yake.

Tsuneichi alijibu mwenyewe kutoka mlangoni. "Aliyemtunza ndiye akae. Mimi nitakuwa jikoni. Watu wametoka mbali, watataka kitu cha moto."

Kinue akaketi mbele. Jikoni kulikuwa na wafiwa tisini wa kulishwa na mikono miwili tu. Saa tano hivi Fumiyo aliingia kutafuta chai ya kuhani, akakuta mvuke umejaa mpaka darini na yule mtu akijaribu kuchovya, kumimina na kubeba kwa wakati mmoja. Alisimama kidogo. Kisha alikunja mikono ya nguo yake nyeusi, akachukua sinia.

"Mangapi hapa?"

"Manane. Mawili bila vitunguu."

"Mabakuli yamekwisha."

"Kabati la chini, kulia."

"Siyaoni."

"Nyuma ya chujio."

Walifanya kazi hivyo mpaka saa kumi. Wanawake wa kijiji waliokuja kusaidia waliangaliana, wakaenda kuosha vyombo nje. Jioni, wageni wameondoka, Tsuneichi alitengeneza mabakuli mawili ya mwisho kutoka kwenye mabaki, akaweka moja mbele ya Fumiyo, akatoka nalo la pili kwenda ghalani. Fumiyo alitazama bakuli mpaka mvuke ukakata. Akala.

Kuanzia mwezi ule alirudi kuja nyumbani kama zamani. Hakumwita baba hata siku moja. Alimwita Bwana Tsuneichi, kama anavyowaita wagonjwa wake, na alimpima shinikizo la damu kila alipokuja kwa sababu, alisema, anampima mama na kifaa kiko mkononi tayari.

Tsuneichi aliishi miaka saba zaidi. Kwenye mwaka wa tano Kinue alimhamisha ghalani akampa chumba cha Bi Ishi, kwa kuwa paa la ghala lilivuja juu ya kitanda na kulitengeneza kungechukua wiki. Yeye aliendelea kulala chumba cha mbele. Jioni walisikiliza redio moja, mlango wa katikati uko wazi. Watu waliowajua hawakuwahi kukubaliana kama walikuwa mume na mke, na wao wenyewe hawakusaidia kulimaliza suala hilo.

Tsuneichi alipougua mapafu, mwaka 2003, Fumiyo ndiye aliyemlaza hospitali. Kulikuwa na fomu, na kwenye fomu nafasi ya kuandika uhusiano wa anayesaini na mgonjwa. Alishika kalamu mpaka karani akauliza kama kuna tatizo. Akaandika "binti", kwa mwandiko wake wa kawaida, akageuza ukurasa. Tsuneichi alikufa wiki ya tatu. Walimzika kaburi la ukoo, pembeni ya mama yake, na Kinue alifunga karakana siku moja. Siku ya pili alifungua, kwa sababu unga ulikuwa umekwisha kukandwa.

Aliendelea miaka tisa mingine, na mwanamke wa jirani akimkanyagia. Mwaka 2012, ana miaka sabini na minne, daktari alimwambia kwamba magoti yake hayana kitu tena ndani. Akauza birika, akauza sufuria kuu, kisu akampa yule jirani. Hapakuwa na sherehe. Alibandika karatasi mlangoni yenye neno la shukrani, na tarehe.

Wiki moja baadaye Fumiyo alimchukua kwa gari mpaka kijiji cha pili, kwenye nyumba ya udon inayosifiwa. Kinue alikuwa amebeba bakuli lake. Katika maisha yake yote hakuwahi kusimama kwenye foleni ya tambi, na hakujua aweke wapi mikono. Kijana wa dirishani akamuuliza mangapi. Ilimbidi afikiri.

"Moja," alisema.

Wakala tutani, mama na binti, jua likiwa bado chini na mpunga mchanga umesimama majini. Fumiyo aliuliza zikoje.

"Ngumu kidogo katikati. Lakini kijana ana mkono."

Alikula zote, akanywa mchuzi. Halafu alisema warudi, maana kabla ya kutoka alianika magodoro na mawingu yalikuwa yanakusanyika upande wa milima.